Msuli Uliokataa Kulala

Kina mama, shikamooni wakubwa. Wa kucheka na acheke sasa, maana ninachokuja kusimulia ni mkojo.

Nilipojifungua mwanangu, hapa hapa Kisarawe, mkojo uligoma. Si kuvuja, kama wengine mnavyoteseka kimyakimya. Kugoma! Kibofu kimejaa, tumbo limewambwa kama ngoma, nami nimechuchumaa chooni mpaka miguu inakufa ganzi. Hata tone.

Zahanati wakaniwekea mpira wa mkojo na mfuko wake, wakanipa dawa za yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Zikaisha, wakanipa zile zile. "Kunywa maji mengi, dada." Ndugu zangu, nawaambia, mlango umefungwa, wao wanaongeza wageni ndani!

Mawifi wakasema nina jini. Somo yangu, aliyenicheza nilipokuwa mwali, naye akashika lake: "Uzazi umekulegeza, mwanangu. Kaza kama nilivyokufunda." Nikakaza. Napika nakaza, nanyonyesha nakaza, nasonga ugali na mfuko wa mkojo chini ya dera, nakaza!

Mpaka nesi mmoja pale zahanati, mtu wa Kibaha, alipochoka kuniona, akanielekeza kwa daktari mjini anayechunguza msuli unaofunga njia ya mkojo kwa wanawake. Daktari akaupima kwa ultrasaundi: umenenepa. Kisha akauchoma sindano nyembamba yenye waya, mashine ikausikiliza.

"Legeza kabisa, dada."

Nimelegeza, jamani, hadi taya! Spika ya mashine ikanguruma tu, kama bodaboda iliyosimama bila kuzimwa.

"Unausikia? Huo ndio msuli wako. Haujui kupumzika."

Nikalia. Sindano iliuma, lakini nililia kwa hasira. Kumbe nilikuwa nakazia kilichokaza!

Muujiza sikuupata. Nilifundishwa kuacha kukaza, na kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mdogo safi, nikimaliza nautoa, naendelea na maisha. Mfuko nimeuaga.

Nesi yule, Mungu amlipe. Na somo yangu, yule pale ananibetulia mdomo! Nilipomweleza akasema, "Haya, tulegeze basi." Ndiye aliyenishikia kioo nikijifunza kuingiza mpira, na kuwafukuza mawifi mlangoni.

Mwenzenu akisema mwili umemgomea, msimfunde kwanza. Apimwe. Mwili wake usikilizwe.

Sasa nipisheni. Chai yenu imenijaa, na mpira wangu uko kwenye pochi. Somo, nishikie mtoto.