Njia Panda ya Kibanda cha Vita

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, na anayekalia upande wa tofali ndiye anayenunua kahawa. Leo kakaa Breki, dereva mstaafu, funguo za pikapu mkononi. Daktari kamwambia presha ya macho imeshakula jicho moja, la pili lina wiki chache, asiguse usukani. Mwenyewe anataka mzunguko mmoja tu wa mwisho wa barabara ya zamani ya pwani, ile ambayo unakutana na mbuzi wengi kuliko magari, hadi kibanda cha zege ambako baba yake alilinda bahari wakati wa vita. Jina la mzee limo ukutani, kaliandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Miaka thelathini Breki alitupeleka huko kila Jumapili. Redio, mwenzetu anayeacha kusema akilala tu, akaanza.

Redio: Baba yako alilinda nini? Adui mwenyewe hakuja!

Breki: Hakuja kwa sababu baba alikuwepo.

Redio: Basi alikuja, chini ya maji. Nyambizi tatu! Zikamwona mzee, zikarudi taratibu. Mwenda pole hajikwai.

Chaki, mwalimu wa zamani, akaweka kikombe chini.

Chaki: Nyambizi gani! Pale kuna handaki. Afande mmoja wa kikosi cha mzee yumo mpaka leo, hajaambiwa vita vimekwisha.

Mimi: Anakula nini miaka yote hiyo?

Chaki: Haba na haba hujaza kibaba.

Redio: Kumbe ndiye anayekoroma tukipita!

Breki: Anayekoroma ni wewe, tangu tunapovuka daraja.

Tukacheka. Breki akafuta machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Ndipo binti yake akafika kuchukua funguo.

Binti: Shikamooni. Baba, nipe.

Breki: Marahaba. Mara moja tu, mama. Nilisome jina la babu yako nikiwa bado naona.

Binti akamtazama, akatutazama na sisi.

Binti: Haya, naendesha mimi. Pale njia panda kabla ya kibanda, tunakata kulia au kushoto?

Redio: Mimi pale huwa nimelala.

Chaki: Mimi huwa nabishana naye hata akilala.

Mimi, Jumapili zile, nilikuwa natazama bahari.

Breki: Hata mimi sijui, mama. Mikono ndiyo inayojua.

Akafumba macho, akashika usukani ambao haupo. Akapunguza mwendo, akanyoosha, na mikono ikazunguka yenyewe kwenda kushoto.

Binti akapokea funguo, akageuka haraka tusimwone uso.

Tukapanda nyuma, kahawa tukaiacha nusu. Safari hii hata Redio hakulala.