Dubu wa Ulluriaq

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Ulluriaq Natsiapik anarudisha funguo za ghala la ushirika wetu wa wachongaji wa mawe, huku kaskazini kwenye barafu, baada ya miaka thelathini na saba. Mimi nimefungasha masanduku pembeni yake kwa miaka thelathini na moja, na sijui sasa nitachekeshwa na nani.

Alianza mwaka 1987 kama mnunuzi. Mchongaji akiingia na jiwe lake lenye vumbi, Ulluriaq huligeuza mara moja tu. Akipandisha nyusi, limenunuliwa. Akikunja pua, rudi kibandani ukapige msasa. Mumewe mwenyewe alikunjiwa pua mara nne kwa mchongo mmoja wa sili, yule mnyama wa baharini tunayemla.

Wateja wa kusini walitaka dubu, sili na wawindaji wenye mikuki. Sisi tulishahamia kwenye bunduki na pikipiki za theluji, lakini ofisi ya mauzo kule kusini haikutaka kusikia. Ilionya kwamba injini moja zaidi ya jiwe ikifika, mnunuzi atafute kazi nyingine.

Ndipo mwaka 1994 Iyaituk akaleta mchongo wa pikipiki ya theluji iliyozima, mwenye nayo akiipiga teke. Iyaituk ana jina la marehemu baba yake Ulluriaq, na kwetu jina hubeba na undugu, kwa hiyo humwita binti, ingawa huyo binti ndiye aliyemzidi miaka kumi.

“Binti yangu,” akasema, “dubu sijamwona tangu Pasaka. Hii takataka naiona kila asubuhi. Sasa unataka nichonge nini?”

Ulluriaq alikuwa na watoto watano wa kulisha. Akapandisha nyusi, akaifunga, akaandika ubavuni mwa sanduku: Dubu.

Wiki sita alingoja kufukuzwa kazi. Kisha ikaja barua: kazi ile ilinunuliwa siku ileile, na ofisi iliomba dubu wengine wa aina hiyo. Tangu hapo tumesafirisha dubu televisheni, dubu simu, na dubu mmoja aliyekuwa mama mkwe wa mtu akicheza bahati nasibu ya bingo. Vijana wa leo wanachonga wanachokiona, wala hawaulizi ruhusa.

Jana Iyaituk alileta zawadi yake ya kumuaga. Ni Ulluriaq wa jiwe la kijani, amepiga magoti na kalamu mkononi, nyusi zimepanda hadi kwenye nywele. Nimeifungasha nikicheka na kulia kwa pamoja.

Asante, Ulluriaq. Upumzike vizuri, nyama ya sili isikupungukie na bingo ikukubali. Sanduku lako liko mlangoni. Limeandikwa Dubu.