Ketura Ithungu, Mwalimu Aliyekataa Kupanga Watoto kwa Wembamba

Ijumaa hii, tarehe 5 Desemba 2025, Mwalimu Ketura Ithungu anarudisha ufunguo wa darasa la watoto wadogo baada ya miaka thelathini na tatu ya kufundisha. Nimeombwa niandike kwamba anastaafu kwa furaha. Si kweli. Anastaafu kwa sababu ametimiza miaka sitini na sheria ndivyo inavyosema, na angepewa nafasi angebishana na sheria yenyewe.

Alianza kazi mwaka 1992 huko kwao Bugoye, akahamia Ibanda, na mwaka 2003 akafika hapa Shule ya Nasari ya Nyota Njema, Bwera, akiwa na sanduku moja la nguo na endara nzima nyuma ya pikapu. Kwa wageni wetu wasio Wakonzo, endara ni vipande vya mti, virefu na vifupi, vinene na vyembamba, kila kimoja na sauti yake, vinavyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba na kupigwa kwa fimbo na watu kadhaa pamoja. Mimi Nobert nimefundisha chumba cha pili kwa miaka kumi na sita, ukuta kati yetu ukiwa wa mbao, na ninashuhudia kwamba sijawahi kufundisha hesabu kwa utulivu hata siku moja.

Kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kusifiwa bila kusemwa, tuanze na kosa lake. Mwaka 2014 alipokea mtoto wa miaka mitano, Patience, aliyekuja na mama yake Jeanine kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, wakikimbia mauaji. Patience alikuwa mtoto mnene, mwenye mashavu na kicheko. Ketura alikuwa na wimbo wa wanyama ambao kila mtoto alipewa mnyama wake, naye akampa Patience tembo. Alidhani anamheshimu. Lakini kwetu Kasese tembo si mnyama wa kwenye picha. Ndiye anayetoka mbugani kumaliza mahindi ya watu. Baada ya wiki moja watoto walikuwa wakificha vikombe vya uji Patience akipita. Wiki ya pili Patience akaacha kunywa uji, na wiki ya tatu akaacha kuja shule.

Jeanine alikuja peke yake, akiwa bado amejitwika furushi la vitenge vya kuuza. Hakupiga kelele. Alisema, "Madamu, mutoto yangu haiko tembo. Iko mutoto. Kule tulikimbia watu ya kuua, sasa huku anakimbia wimbo."

Ketura alimwomba msamaha palepale, mbele yetu sote, kisha akauchana ule wimbo kutoka kwenye daftari lake. Kwa siku tatu upande wake wa ukuta ulikuwa kimya na mimi nikaanza kuwa na wasiwasi. Siku ya nne alitoka na wimbo mpya. Kila mtoto anasimama, anashika kiungo chake kimoja na kukishukuru kwa kazi yake: mguu wangu asante, umenifikisha, mkono wangu asante, umechota maji, tumbo langu asante, limebeba uji. Wengine wanaitikia kwa endara. Hakuna anayemtaja mwenzake, kila mmoja anajitaja mwenyewe. Alikwenda kuuimba nyumbani kwa Jeanine kila jioni, akikaa kwenye kizingiti, mpaka Patience akatoka na kusimama naye. Jumatatu iliyofuata mtoto alirudi, akanywa vikombe viwili.

Hapo ndipo ilipokuja siku ya wageni. Mwalimu mkuu wa wakati ule, ambaye jina lake ninalihifadhi kwa kuwa naye amealikwa leo, alitaka shule ipendeze. Aliagiza watoto wembamba wasimame mbele na Patience akae nyuma ya pazia, au abaki nyumbani, maana sare haimtoshi. Katika moyo huohuo wa usafi alimwita Swalik, fundi wetu wa madawati aliyetoka Iganga, akamwonyesha endara na kumwambia imekaa ovyo, aisawazishe. Swalik hakuwahi kuiona endara maishani mwake. Alipima, akapiga msumeno, akaikata yote ilingane kama rafu za duka. Aliweka hata vanishi.

Asubuhi watoto waliipiga ikalia tok, tok, tok, kila kipande kama mwenzake. Mwalimu mkuu aliposikia alitoka ofisini kuuliza imepatwa na nini. Ketura akamwambia, "Miti umeshakata. Watoto yangu haikatwi."

Aliondoka siku hiyohiyo, bila ruhusa, kwenda Nyakalengija kwa kaka yake Yonasani, mbeba mizigo wa mlimani anayejua kuchonga endara. Alirudi na vipande vipya, akashona sare ya Patience kwa mkono, na siku ya wageni akamweka mbele kabisa, kwenye kipande kinene kuliko vyote, kile chenye sauti inayosikika tumboni. Wageni walisimama wakapiga makofi. Ketura akapewa barua ya onyo. Ameifanya jalada la daftari la nyimbo mpaka leo, na imedumu vizuri.

Tangu wakati ule watoto zaidi ya elfu moja wamepita darasani kwake: wanene, wembamba, wenye makovu, mmoja asiye na vidole vitatu aliyevishukuru viwili vilivyobaki. Siwezi kudai kwamba hakuna aliyewahi kutaniwa njiani. Ninachojua ni kwamba ndani ya ukuta ule wa mbao hakuna aliyepangwa kwa umbo.

Juzi kamati ya shule ilituandikia kuomba kwamba kwenye picha ya leo watoto wapangwe kwa namna inayopendeza macho. Walimu wote tumejibu kwa maandishi: watasimama wanavyotaka. Wageni pia mtaimba, kila mmoja na kiungo chake. Mheshimiwa mwenyekiti, tumbo lako lina haki kama la mtu mwingine. Kipande kinene kitapigwa na Patience, ambaye sasa ana miaka kumi na sita na bado ni mnene, na mama yake ameahidi kuitikia kwa sauti ya soko.

Mwalimu Ketura, asante kwa kelele zote. Tunakutakia mema huko Bugoye, miguu isiyochoka na migomba inayozaa. Endara tunabaki nayo. Siku ukisikia inatoa sauti moja tu, usitupigie simu. Panda gari uje.