Nilivijaribu kwa Mdomo Kwanza

Habari za mchana, akina mama na akina baba. Nyinyi mlioketi nyuma karibu na mlango, sogeeni, hapa mbele hakuna mtu anauma. Nimeombwa, katika mkutano wetu huu wa kila mwezi wa walioumia kazini, nieleze nilivyoumia na nilivyoinuka, na nimeambiwa nisitaje mtu kwa jina. Sawa. Mke wangu nitamwita bibi yangu. Yule pale ameketi. Nikidanganya mtamsikia akikohoa.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa nafanya kazi Industrial Area, kwa kiwanda cha mikebe. Miaka sita nilisimama mbele ya mashine moja ya kukata bati, na nilikuwa naringa nayo kama ni yangu. Siku moja bati likakwama, nikalisukuma kwa mkono kabla ya kuzima mashine. Sote tulikuwa tunafanya hivyo. Vidole viwili vya mkono huu wa kulia vikabaki pale. Hivi vitatu nilirudi navyo nyumbani, lakini havikuwa na habari ya kitu chochote. Ningeungua na jiko na nisijue mpaka nisikie harufu.

Hospitalini kulikuwa na sista mmoja mpole. Aliniambia kila siku nitie mkono kwa bakuli la maharagwe makavu, nipapase, kesho yake mahindi, halafu vitambaa vya kila aina, nifumbe macho nijaribu kutambua. Alisema mkono unaweza kufundishwa upya. Nikamjibu, "Ndiyo, sista." Moyoni nikasema, huyu ananiona mtoto. Mwanamume mzima nikae nacheza na maharagwe! Nilipofika nyumbani nikamwambia bibi yangu ayapike, na tukayala.

Kazi ikaisha. Bibi yangu akapata ya kufagia ofisi mjini, anatoka kabla jua halijachomoza na kurudi saa kumi. Tulikuwa na chumba kimoja Kariobangi na mtoto wa kwanza, msichana wa miezi saba. Kwa hiyo mimi, mwanamume wa kutoka kule Kakamega, niliyezoea kurudi nyumbani na kuulizwa kama maji ya kuoga yamepoa, nikabaki na mtoto. Nilifunga mlango majirani wasinione. Mkono nilikuwa nautia kwa mfuko wa koti, hata wakati wa joto. Kanisani watu wakianza kusalimiana, mimi nilikuwa nimeshatoka nje.

Ndugu zangu, nitawaambia vile ilikuwa. Mtoto sikumbeba. Niliogopa ataniponyoka, na nilichukia kuuona mkono ule karibu na uso wake. Nilimlisha uji kwa mkono wa kushoto, nikamlaza kitandani, nikamzungushia mito. Akawa anatazama mabati ya juu. Siku za kwanza alilia, halafu akaacha. Mimi nikajisifu eti nina mtoto mwenye adabu.

Aliyegundua ni mama yake. Jioni moja alimpungia leso mbele ya macho, karibu kabisa, na mtoto hakunyoosha mkono.

"Baba mtoto," akaniuliza, "huyu mchana unampa nini ashike?"

"Hakuna kitu. Yeye ni mtulivu tu."

"Si mtulivu. Amechoka kungoja." Akamfunga mgongoni. "Mwisho wa mwezi nampeleka kwa mama. Kule atakaa na watu."

Aliposema watu, nilijua mimi simo. Na hapo nikaona nitakachopoteza. Vidole vilikwenda, kazi ikaenda, na sasa hata mtoto anaondoka kwangu, na sababu yenyewe ni mimi.

Asubuhi yake nikaamua nitamtengenezea kitu. Mimi ni mtu wa bati. Nilichukua mkebe mdogo wa maziwa, nikaukata, nikaukunja upya, nikatia vijiwe ndani. Nilishikilia kwa magoti na meno, nikafanya kazi kwa kushoto, ikanichukua mpaka saa sita. Mwisho nikapitisha kidole gumba cha kulia kwenye ukingo, kama nilivyofanya kiwandani miaka sita. Laini kabisa. Kwa kidole hicho, ndugu zangu, hata wembe ungekuwa laini!

Nikautikisa. Mtoto akageuza kichwa. Akanyoosha mkono, nawaambia, akanyoosha mkono akaushika, na mimi nikacheka peke yangu mle ndani. Akautia mdomoni. Halafu nikaona damu.

Nilimbeba siku hiyo, sikuwa na nafasi ya kuogopa. Nilikimbia naye mpaka mlango wa tatu, kwa mzee mmoja Mkamba mchonga vinyago aliyekuwa anafanyia kazi kizingitini. Akamtazama mdomo, akamwosha kwa maji baridi, akabana kwa kitambaa safi. Kidonda kilikuwa kidogo, ila mdomo wa mtoto hutoa damu nyingi. Alipotulia, mzee akaomba aone hicho kitu. Akakipitisha kwenye mdomo wake mwenyewe polepole, akasimama mahali pamoja.

"Ni hapa. Ulipima na nini?"

Nilitoa mkono, niliokuwa nimeshaurudisha mfukoni, nikamwonyesha. Yeye ndiye mtu wa kwanza mtaani kuuona. Hakusikitika, hakusema pole. Aliugeuza akaukagua kama kipande cha mti.

"Hiki kidole kimekufa ganzi, usikiulize mambo," akasema. "Tazama vyangu. Miaka yote hii ya tupa na msasa, havijui laini ni nini. Kinyago changu nakipima hapa." Akagusa mdomo. "Na mtoto wako, kila kitu anakipima hapo hapo. Basi anza na wewe, kijana wangu, kabla hujampa."

Bibi yangu aliporudi na kuona ule mdomo, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alishusha kikapu cha safari kutoka juu ya kabati akaanza kukunja nguo za mtoto.

"Ulisema mwisho wa mwezi," nikamwambia. "Nipe mpaka mwisho wa mwezi."

"Zimebaki wiki tatu. Ukimkata tena sitangoja."

Naona hajakohoa. Basi nimesema kweli.

Kesho yake nilifungua mlango, nikakaa nje na mtoto kwenye mkeka. Mambo ya bati nikaachana nayo. Nilichukua soksi iliyobaki bila mwenzake, nikashonea ndani karatasi ya kufungia mkate, ile inayolia ukiifinya. Nikaunganisha kipande cha gunia, cha blanketi, cha leso na cha ngozi ya kiatu kuukuu, vyote kwa kitambaa kimoja, ili apapase. Mzee alinipa vipande vya mti alivyokuwa anatupa, nikavisugua msasa. Kwa fundi wa nguo nilipata vile vigogo vya mbao vinavyobaki uzi ukiisha, nikavipitisha kwa kamba ya katani. Nikajaza ndengu kwa kichupa cha plastiki na maharagwe kwa kingine, kila kimoja na sauti yake, nikaziba kwa gundi ya mzee na kushonea juu kitambaa cha gunia. Halafu nilivuta kwa meno kwa nguvu zangu zote kuona kama kitafunguka, maana harage likimwingia mtoto kooni huna la kufanya.

Na kila kitu, kabla ya kumpa, nilikipitisha mdomoni. Sasa fikirieni majirani wanaokwenda bombani, wanamkuta mwanamume mzima mlangoni pake analamba vigogo vya uzi na kutafuna soksi. Mama mmoja alimwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Huyu akili zimemwisha. Ni ile ajali." Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini mtoto alikuwa ananitazama akingoja zamu yake, nikaendelea.

Wiki ya pili nilikuwa najaza kichupa. Kushoto kumeshika chupa, kwa hiyo mkono wa kulia ndio uko kwa bakuli unachota maharagwe. Hapo ndipo nilimkumbuka yule sista. Alichonituma nifanye nikakataa, nilikuwa nakifanya tangu asubuhi hadi jioni, na sikuwa nimejiona mtoto hata kidogo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika. Kikapu kilikuwa mlangoni, kimefungwa. Bibi yangu akasema anataka kuona mwenyewe. Nikavipanga vyote kwenye mkeka, nikamketisha mtoto mwanzo wa mstari. Alikuwa ameshaanza kutambaa. Akashika kichupa, akakitikisa, akakiacha. Akapita soksi. Akapita vile vigogo nilivyohangaika navyo siku mbili. Mimi nikaanza kutoka jasho. Akaja moja kwa moja kwangu, mkono wa kulia ukiwa umelala juu ya mkeka, nimesahau kuuficha. Akaushika kwa mikono yote miwili, akaugeuza. Akapapasa mahali vidole vilipokatika. Halafu akatia kidole gumba changu mdomoni, akauma kwa yale meno yake mawili.

"Aii!" nikasema.

Bibi yangu akaruka. "Amefanya nini?"

"Ameniuma."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akaja akapiga magoti, akafinya kidole chenyewe. "Na hapa?" Nasikia. "Na hapa?" Nasikia kidogo. Aliendelea kunifinya mpaka nikamwomba aache. Halafu akaenda akafungua kile kikapu, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja moja. Mimi nikalia, na sikugeuza uso.

Msidhani mkono ulipona. Mpaka leo kidole hiki cha kati ni cha kupamba tu. Lakini mtoto hakusafiri. Yuko darasa la nne, na mdomoni ana alama ndogo ambayo mimi peke yangu ndiye huiona.

Namshukuru yule sista, ambaye nilirudi kumwomba msamaha, akanicheka. Namshukuru mzee wa vinyago, ambaye ameshalala, Mungu ampumzishe. Bibi yangu namshukuru kwa kile kikapu, maana asingekishusha nisingeshtuka. Na ninachowaomba ni hiki: mtoto wako usimwondolee mkono wako kwa sababu wewe unauonea haya. Yeye hajui ulivyokuwa zamani. Anaujua huo ulio nao.

Nimemaliza. Ila kuna mmoja wetu hapa ambaye tangu aingie hajatoa mkono mfukoni, na nilipompa wangu pale mlangoni aliinamisha kichwa tu. Simtaji. Wakati wa kutoka nitasimama pale pale. Atoe wakati atakapotaka, leo au mwezi ujao, nitakuwa nangoja na huu wa kulia.