Kutoka Mafia Hadi Pemba

Mwaka ule wa tisini na tano, kambi za wakimbizi zilipokuwa zimeijaza Ngara, kijiwe cha kahawa cha Evarista kwenye njia ya Ntobeye hakikukosa watu. Siku hiyo Desderius alikalia ncha ya benchi, kahawa ikimpoa mkononi. Asubuhi padri alikuwa amempa salamu zilizoingia kwa simu ya upepo: binti yake Melania, muuguzi kisiwani Mafia, tena mjamzito, leo anapanda ndege ndogo kumfuata mumewe Pemba. Desderius hakuwahi kupanda ndege wala kuiona bahari. Alitaka kujua jambo moja tu: binti atakuwa amefika?

— Ameshafika zamani, alisema Matiasi, waliyemwita Rubani kwa kuwa alikuwa akipakua ndege za misaada. Kisiwa kwa kisiwa! Ndege ikiinua pua tu, inaanza kushuka.

— Acha uongo, alidakia Ildefonce, fundi baiskeli, jina lake la kijiweni Injinia. Ndege ndogo, tangi dogo. Lazima itue njiani iongeze mafuta.

— Itue wapi, kwenye maji?

— Kwani Zanzibar imehama?

Evarista akacheka, akamwongezea Desderius kahawa ingawa kikombe hakikuwa kimepungua.

— Halafu kuna upepo wa bahari, Injinia aliendelea. Ule unairudisha ndege nyuma. Unaweza kuruka kutwa nzima, ukichungulia chini, Mafia ile ile.

— Basi wakigeuza, wanafika kabla hawajaondoka!

Benchi zima likaangua kicheko. Desderius alijitahidi kucheka nao, midomo ikakataa. Kila walivyozidi kubishana, ndivyo alivyozidi kumwona Melania juu ya maji yasiyo na mwisho.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni za kuuza akautua. Aliitwa Kwizera, mkimbizi kutoka kambini.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba.

— Samahani, nimewasikia. Huko Pemba, nani anampokea?

Rubani akamtazama Injinia. Injinia akakuna kichwa. Desderius aliweka kikombe chini. Salamu zilitaja ndege na mume, hazikutaja atakayekuwa uwanjani. Alitupia koti begani na kushika njia ya parokiani, karibu anakimbia.

Jua lilikuwa limeinama aliporudi. Kwizera alikuwa bado pale, kuni hazijapata mnunuzi.

— Kapokelewa! Desderius alipaza sauti kabla hajafika. Mama mkwe wake alikuwa uwanjani tangu asubuhi, kashika kanga ya kumfunika!

— Mungu ashukuriwe, alisema Kwizera, uso ukimfunguka kana kwamba binti ni wake.

Desderius akasimama mbele yake, bado anahema.

— Na wewe, ulipovuka daraja la mpakani pale Rusumo, nani alikupokea?

Kwizera alizitazama kuni zake.

— Tulikuwa wengi, mzee. Kila mtu alikuwa anatafuta wa kwake.

— Wako uliwapata?

Kwizera akaanza kukaza kamba ya mzigo. Evarista akaacha kusuuza vikombe.

Desderius aliinama, akajitwika ule mzigo wa kuni mwenyewe.

— Njia ni hii, alisema. Mama Melania amepika ndizi.