Wasifu wa Stefania Kuzyk Flett na Programu Iliyoacha Kurudia Hesabu

Ndugu, jamaa na marafiki. Dada yetu Stefania alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 mjini Dauphin, Manitoba, mtoto wa kwanza wa marehemu Petro Kuzyk, mkulima wa ngano, na mama yetu Nadia. Wa pili ni mimi, Roman, ninayesoma haya kwa niaba ya familia.

Alisoma hapo hapo Dauphin. Akiwa darasa la nne, mwalimu alimwambia afanye upya hesabu aliyokwisha kuipata. Stefania akauliza kama namba zimebadilika. Alipojibiwa kwamba hazijabadilika, akaweka kalamu chini. Mama alimgombeza kwa utovu wa adabu, kisha akaingia jikoni kucheka, na sote tukamsikia. Mwaka 1986 alijiunga na chuo kikuu huko Winnipeg, akahitimu shahada ya hisabati mwaka 1990.

Aliandika programu za kompyuta katika kampuni kadhaa. Mwaka 2013 akahamia kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya simu ya madereva wa kujitolea, wale wanaowapeleka wagonjwa wa figo hospitalini kusafishwa damu. Kazi hiyo aliipenda kuliko zote, na ndiyo iliyompa mume.

Januari 2014, dereva mmoja aitwaye Murdo Flett aliingia ofisini kwao, theluji ikiwa bado kwenye buti, akaweka simu yake mezani.

"Dada, hebu gusa jina la abiria yeyote hapo."

Stefania akagusa. Simu ikaganda.

"Haya, sasa subiri hivyo hivyo, fikiria nyuma una bibi mgonjwa na gari halijapata joto."

Stefania alichimba mpaka akaona tatizo. Kila jina moja lilipoguswa, programu ilipanga upya njia za abiria wa mji mzima, hata wale ambao hawakuwa na badiliko lolote. Murdo alipotaka kuelezwa, alimwambia ni kama mtu aliyekwisha kupanga viti vya harusi, mgeni mmoja akavua kofia, naye akaanza kupanga viti vyote upya. Murdo akasema huyo mpangaji apewe likizo. Basi Stefania akaifanya programu itunze jibu ililokwisha kulipata, na ihesabu tena pale tu jambo linalohusika linapobadilika. Simu zikawa nyepesi. Madereva wakamletea keki.

Mwezi uliofuata likatokea jambo ambalo hakulisahau. Abiria mmoja, Bi. Agathe Carrière, alikuwa amehamia kwa binti yake. Anwani mpya iliandikwa juu ya ile ya zamani, ndani ya orodha ile ile. Programu ikaona orodha ni ile ile, ikadhani hakuna kilichobadilika, ikatoa jibu la zamani. Dereva akaenda kwenye nyumba tupu. Mama wa watu alisubiri barazani kwa binti yake kwenye baridi kali mpaka Murdo akamkuta, midomo ikitetemeka. Alilazwa.

Stefania alikwenda hospitalini na bakuli la vareniki, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi. Alikaa kando ya kitanda, akasema, "Kosa ni langu, mama. Nilihakikisha simu haihesabu bure, nikasahau kuhakikisha inajua kitu kikibadilika."

Bi. Carrière akalivuta bakuli karibu. "Binti yangu, hata wanangu wa kuzaa wamewahi kunifuata nyumba niliyokwisha hama. Hebu nipe uma."

Tangu hapo Stefania hakuruhusu anwani iandikwe juu ya nyingine. Kila badiliko lilipata orodha yake mpya, ili programu ione tofauti. Hakuna abiria mwingine aliyeachwa nje kwa sababu hiyo.

Stefania na Murdo walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 20 Juni 2015. Hawakujaliwa watoto, lakini wanangu walikuwa na vitanda vyao nyumbani kwao, na walidekezwa huko kwa pipi kuliko kwangu.

Mei 2022 aligunduliwa kuwa na kansa ya kongosho. Madereva walipokezana kumpeleka kwenye matibabu. Mmoja alimwomba aikague simu yake iliyokuwa ikimsumbua. Dada alicheka, akafunga mkanda. "Leo mimi abiria. Wewe endesha."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2023. Asubuhi hiyo alimuuliza Murdo kama amekula. Murdo akasema bado. "Basi nenda ukale," akamwambia. Murdo hakuwa na njaa, lakini alikwenda, akala mkate akiwa amesimama, kwa kuwa alikuwa ameombwa. Aliporudi, dada alikuwa ametutoka.

Ameacha mume, Murdo; mama, Nadia; mimi mdogo wake, Roman, na mke wangu, wifi yake Colleen; na watoto wetu Lesia na Danylo.

Kumbukumbu yake iwe ya milele.