Divai ya Oreste Yatakiwa Hanoi

Baa ya Delfina ina benchi la mawe upande wa kanisa, na saa nne asubuhi halikosi wenyewe. Breki, jina lake la ubatizo Evasio, aliendesha lori mpaka akastaafu na mdomo wake haujawahi kusimama. Daktari ni Tullio, ambaye udaktari wake wote ni kumshikia mganga wa mifugo mikia ya ng'ombe. Celestina tunamwita Redio, naye hajawahi kuuliza kwa nini. Wa nne mimi. Jumanne ile alikuwepo na Oreste, shemeji yake Redio, kanyoa ndevu, kavaa shati la arusini. Tangu afiwe na mkewe alikuwa akisema atang'oa mizabibu, shamba alitoe kwa watu wanaopanda kokwa za kutia kwenye chokoleti. Sasa kuna mama wa Kivietnam aliyeonja divai yake kwenye maonyesho kule Torino, akataka kontena zima. Alikuwa njiani anakuja.

— Kontena zima! Breki alifoka. Divai imepauka kama chai ya mgonjwa! Hata Torino hawaigusi.

— Hanoi wanaitaka, alisema Oreste. Mama anasema vijana wa kule siku hizi wanapenda divai, na hii yangu nyepesi inakwenda vizuri na samaki wao wa pilipili.

— Pilipili wapi! Breki alijibu. Wataitia barafu hao.

Delfina, aliyekuwa akifuta meza, alifanya ishara ya msalaba.

— Barafu afadhali, akadakia Redio. Kule divai wanawake wananawia uso. Mpwa wangu kaona kwenye simu. Ndiyo maana hawazeeki.

— Shemeji, mbona wewe umeinywa miaka yote hiyo na umezeeka? aliuliza Oreste.

— Nimeinywa, sijainawia!

Daktari alikohoa. Akikohoa hivyo, jua mambo yameharibika.

— Nyie mnacheza. Chini ya chupa kuna nini? Mashapo. Mashapo ni nini? Udongo! Leo kontena, mwakani makontena kumi. Mtaamka asubuhi kilima hakipo, kimehamia Hanoi, kanisa limebaki linaning'inia.

— Aisee, Breki alisema, akakitazama kilima kwa huruma.

— Na wakishakuwa na kilima, watatuuzia divai yetu wenyewe. Kwa barafu!

Oreste alikuwa akizungusha kikombe kitupu.

— Jamani, nimechoka. Mama huyu akighairi, mavuno yakiisha naleta trekta. Pale kilimani niko peke yangu. Naongea na mizabibu kama mwendawazimu.

Redio alimpigapiga shemeji yake mgongoni, lakini Breki hakuweza kujizuia.

— Kuuza kwa wageni ni kutuuza sisi! Ile divai ni ya kijiji, bwana. Tumekua nayo!

Hapo gari dogo likasimama. Akashuka mama wa makamo, kavaa buti za mpira, mwavuli kwapani. Alijitambulisha kuwa ni Hanh. Alisoma Torino ujanani, na Kiitaliano chake kilikuwa safi kuliko chetu cha shambani. Delfina akamletea kahawa, Redio akamsogezea nafasi huku akimchunguza ngozi ya uso kwa karibu mno.

— Mama, Breki alianza, tusikufiche. Hii divai ni damu yetu. Ukiibeba yote, sisi tutakunywa nini?

Bi Hanh aliweka kikombe chini. Alionekana kaguswa kweli.

— Nisameheni, sikujua. Nitawaachia sehemu yenu. Kwa kawaida huwa mnanunua chupa ngapi kwa mwaka?

Breki alitazama saa ya kanisa. Daktari aligundua doa kwenye suruali yake, akalikwangua kwa ukucha. Mimi nilikoroga kahawa isiyo na sukari. Redio aliinama, akafunga upya kamba za viatu. Maana kwa Oreste tulikuwa tunapitia tu, tunaketi, anatumiminia, na tukiondoka anatujazia dumu. Nyumbani kwa Breki kulikuwa na bia.

Oreste alitutazama mmoja mmoja, taratibu. Kisha akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, na kicheko hicho hatukuwa tumekisikia tangu msiba.

— Twende kwangu stoo, Bi Hanh, alisema akijifuta machozi. Shika mkono wangu, ngazi zinateleza.

Waliporudi, vidole vya wote wawili vilikuwa vimelowa divai, na walikuwa wakibishana juu ya samaki kama watu waliojuana siku nyingi. Bi Hanh alituaga kwa heshima, akaondoka. Breki alisimama, akavuta suruali juu, akakohoa.

— Oreste, ndugu yangu. Hebu niuzie chupa sita.

— Zimekwisha, alisema Oreste, akaagiza kahawa nyingine.